Vizibo 20 na kituo kisichokaa mahali pamoja

Swali: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji, na mwaka huu nimekabidhiwa Girl Guides, yaani skauti wa kike, wa shule: wasichana 34, kuanzia darasa la nne hadi la saba. Tarehe 22 Februari, siku ya Girl Guides duniani, inakaribia na ninatakiwa niwafundishe kuhusu Girl Guides ya dunia, yaani vituo vyake, beji na historia. Nimewaandikia ubaoni mara mbili. Nusu walisinzia, nusu walichora maua pembeni ya daftari. Ninataka mchezo wa kukimbia. Sina projekta wala bajeti, nina uwanja wa mpira na filimbi. Jambo jingine, watano kati yao familia zao zilivuka kutoka Burundi na Kongo, na nisingependa mchezo uwaguse vibaya. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Ubao uache ulivyo, na daftari wabaki nazo wachore maua yao. Nitakupa mchezo mmoja, nikueleze namna ya kuuchezesha, na nikuoneshe sehemu ambazo uliniharibikia, maana uliniharibikia kwanza ndipo ukatengemaa.

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Tabora, niliandika habari za vituo vya Girl Guides duniani kwenye vikaratasi nikavifunga kwenye miembe ya uwanja. Kila kikundi kikimbie, kikusanye vikaratasi, kirudi. Walikimbia vizuri sana! Vumbi lilitimka, kelele zikasikika hadi barabarani, na mimi nikajiona fundi. Walipokaa nikauliza kuhusu kituo cha India, "Sangam iko wapi?" Binti aliyeongoza kwa vikaratasi akanyoosha mkono kwa kujiamini: "Kwenye mwembe wa pili, mwalimu."

Na hakukosea. Mchezo wangu ulikuwa umemfundisha miembe. Tangu siku hiyo kila mchezo ninaoletewa naupima hivi: toa habari za Girl Guides, weka jedwali la kuzidisha mahali pake. Kama mchezo unachezeka vilevile, basi haufundishi kitu, ni mbio zilizobandikwa maswali mwishoni. Kinachotakiwa ni mwili wa mtoto ufanye jambo lenyewe. Kama kituo fulani jina lake ni makutano, basi asiingie mpaka akutane na mtu. Kama kingine kilianza bila nyumba, basi wakitafute. Mwaka wa kufunguliwa atausahau, nami nausahau mara nyingine, lakini kile alichofanya kwa miguu yake hakisahau.

Kabla hatujaingia uwanjani, neno dogo kuhusu jina. Usijaribu kulitohoa hilo "guide" kwa Kiswahili mbele ya wazazi, maana litakutoka "gaidi", na kuna mzazi atakuja shuleni kabla hujamaliza sentensi. Sema Girl Guides, au skauti wa kike. Wamarekani, ambao chama chao kilianzishwa na Juliette Gordon Low kule Savannah mwaka 1912, wenyewe wanasema Girl Scouts, ndiyo maana chama cha dunia kinabeba majina yote mawili. Wasichana wako wakimsikia mtu anajiita Girl Scout, wajue ni ndugu yao.

Sasa uwanja. Wewe una bahati ambayo mimi wa Tabora sina: una ziwa. Simama katikati ya uwanja utazame ziwa, huko ni magharibi. Mkono wako wa kulia ni kaskazini, kunakoelekea Gombe. Mgongoni ni mashariki, reli inakotokea. Basi weka vituo vyako kwa kufuata pande hizo, na uwanja wenyewe uwe ramani. Cuernavaca ya Mexico iwe upande wa ziwa, kwa kuwa ukivuka ziwa, ukavuka Kongo yote na bahari ya Atlantiki, ndiko uendako. Adelboden ya Uswisi iwe kulia, na London nayo kulia, ila mbali zaidi na ikivutwa kidogo kuelekea ziwani. Pune ya India iwe nyuma upande wa kulia, kaskazini mashariki. Chora duara la kila kituo kwa majivu. Usiwaambie mapema kwamba ni ramani. Mmoja wao atagundua katikati ya mchezo, na akigundua mwenyewe ni bora kuliko kuambiwa.

Wasichana 34 wanagawanyika vizuri: vikundi vinne vya watu saba ni 28, watunza vituo watano, na mmoja wa kukaa nawe kama mshika saa. Vikundi usivipe majina ya nchi. Ukishampa mtoto "Uingereza" na mwenzake "Burundi" umeanza ubishi ambao hukuupanga. Vipe majina ya samaki: Dagaa, Migebuka, Kuhe, Ngege. Saba si namba ya kubahatisha, utaiona kazi yake mwishoni. Watunza vituo wawe wa darasa la sita au la saba, na uwafundishe siku moja kabla, kila mmoja sentensi zake tatu au nne, siyo zaidi. Hapa pia ndipo pa kumweka yule ambaye siku hiyo hataki kukimbia. Wenye miaka 12 na 13 unajua mwenyewe sababu. Usimuulize, sema tu ulikuwa unamhitaji kituoni.

Anza na dakika tano za kupasha mwili moto. Weka mawe mawili kama lango, walinzi wawili katikati, na tangaza kwamba mchezo huu ni wa watu wengine, wao hawakualikwa. Kisha waache wapenye, kama kwenye kombolela, bila kuguswa. Kila anayepita apaze sauti, "Na sisi tupo!" Wakishapita wote, ndipo unawaambia kwa kifupi: mwaka 1909 skauti wa kiume walikusanyika Crystal Palace, London, mbele ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na kundi la wasichana likatokea bila mwaliko likisema nalo ni skauti. Mwaka uliofuata, 1910, Girl Guides ikaanzishwa, na dada yake Baden-Powell, Agnes, akaiongoza. Huna haja ya kueleza zaidi. Wameshapenya lango wenyewe, wanajua ilivyokuwa.

Halafu mchezo mkubwa. Wasishindane vikundi kwa vikundi, washindane na treni. Nilijaribu mwaka mmoja kuwaambia hakuna mshindi, sote ni ndugu, wakanitazama kama mtu aliyewanyima chakula. Watoto wanataka kushinda. Basi wape wa kumshinda: mshika saa ndiye treni ya kwenda Tabora, na itaondoka baada ya dakika 40 kamili. Kila baada ya dakika 10 anapuliza filimbi. Kabla haijaondoka, vikundi vyote vinne viwe vimepita vituo vyote vitano, na vizibo vyote 20 viwe vimeachwa vituoni. Kikibaki kizibo kimoja mikononi mwao, treni imewaacha wote.

Vizibo ndiyo moyo wa mchezo, nitavirudia. Kwanza vituo.

Kituo cha Uswisi kinaitwa Our Chalet, nacho ndicho cha kwanza kwa umri. Mama mmoja wa Boston, Marekani, Helen Storrow, ndiye aliyekigharamia, kikafunguliwa mwaka 1932 juu milimani. Weka pale penye mteremko, au kwenye tuta la maji la shule. Wasichana saba washike kamba moja, wapande, mtu akiachia wote wanarudi chini. Ndiyo sheria ya wapanda milima, haina maelezo. Mtunza kituo anawasubiri juu.

Cha Mexico ni Our Cabaña, kilifunguliwa mwaka 1957. Hapa kila msichana abebe punje saba za mahindi juu ya kiganja kilichogeuzwa, kutoka mstari wa goli hadi kwenye duara, punje ikianguka anaiokota na kuanza upya. Kwa nini mahindi? Kwa sababu yalitoka huko. Watu wa Mexico ndio walioyalima kwa mara ya kwanza, maelfu ya miaka iliyopita, ndipo yakasafiri hadi kufika kwetu. Nilipolisema hili Tabora darasa zima lilibisha. Kigoma watabisha zaidi, halafu mmoja atasema, "Basi ugali wa asili ni wa muhogo." Mwambie muhogo nao ulitoka Amerika, ya Kusini. Utakuwa umepata mjadala wa wiki nzima wa bure.

London kuna Pax Lodge, cha mwaka 1990. Pax ni Kilatini, maana yake amani. Kuanzia hatua 20 kabla ya duara hakuna kusema hata neno moja. Akicheka mtu, kikundi kizima kinarudi nyuma. Wakifika, kila mmoja anatoa saluti ya vidole vitatu kwa mkono wa kulia, anampa mtunza kituo mkono wa kushoto, na anasema neno "amani" kwa lugha yoyote. Sharti ni kwamba kikundi kisirudie neno mara zaidi ya mbili. Hapo ndipo wale watano wako wanakuwa matajiri. "Amahoro" inakubalika, na wenzao Waha wataidaka mara moja kwa kuwa Kiha na Kirundi ni majirani wa karibu. Anayetoka ng'ambo ya Kongo huenda akaleta "paix" ya Kifaransa. Mwingine wa Ujiji atasema "salama", mwingine "salam" ya madrasa. Nimeona msichana ambaye muhula mzima hakufungua mdomo akivutwa mikono na wenzake sita kwa sababu yeye peke yake alibakiwa na neno.

Huo mkono wa kushoto nao usiupitie haraka, mwalimu, maana una mtego. Girl Guides na skauti dunia nzima wanasalimiana kwa kushoto, na maelezo yanayopendwa zaidi ni kwamba huo ndio ulio karibu na moyo. Vizuri. Lakini binti huyohuyo akirudi nyumbani akampa bibi yake mkono wa kushoto, atakula kofi, na bibi atakuwa na haki yake. Kwetu kushoto hakupokei, hakutoi, hakulishi. Usiwafundishe kwamba mila ya bibi imepitwa, wala usiiache salamu ya Girl Guides kwa aibu. Waambie ni ishara ya kutambuana: tunaitoa kwa aliyevaa beji kama yetu, na kwa wazee tunatoa shikamoo na mkono wa kulia kama tulivyolelewa. Mimi huwafanyisha yote mawili papo hapo. Napuliza filimbi, "Mwenzako!" wanatoa kushoto, "Bibi!" wanapiga goti na kutoa kulia. Wanacheka mpaka wanaanguka, na hawachanganyi tena.

India kuna Sangam, mjini Pune, tangu mwaka 1966. Neno ni la Kisanskriti, kukutana, kwenda pamoja. Sheria ya kituo hiki ni moja tu na mtunza kituo hatakiwi kuieleza: hakifunguki kwa kikundi kimoja. Kikundi kikifika peke yake anasema, "Sangam haijafunguka," basi, anakaa kimya. Wataruka, wataimba, watampa rushwa ya karanga. Dakika tatu nne zitapita, treni inahesabu. Kisha kikundi cha pili kitatokea kwa bahati, au mwenye akili atakimbia kukiita, na mtunza kituo atafungua mikono: "Karibuni Sangam." Vumilia kimya hicho, mwalimu. Kiherehere cha kuwasaidia kitakushika, nami kilinishika mara ya kwanza nikapiga kelele, "Kawaiteni wenzenu!" nikawa nimewanyang'anya somo lote kwa maneno mawili.

Na cha tano. Kabla ya kuanza waulize: vituo vya dunia viko vitano, viwili majina yake yanaanza na neno la Kiingereza, kimoja Kilatini, kimoja Kisanskriti. Cha tano, cha Afrika, mnadhani kina jina la lugha gani? Watasema Kiingereza, wengine Kifaransa. Kinaitwa Kusafiri. Hivyohivyo, kama unavyoliandika kwenye daftari la sarufi. Msichana wa Uswisi au wa Japani akitaka kukitaja lazima alitamke neno letu. Nimechezesha mchezo huu mara nyingi na hakuna sehemu inayowashtua kama hii, wanarudia, "Kusafiri? Kusafiri kabisa?" Kilianza bila jengo, shughuli zake zikihama kutoka nchi hadi nchi ndani ya bara. Basi mtunza kituo huyu asiwe na duara. Mfunge khanga begani, atembee uwanja mzima, na kila filimbi ya dakika 10 ikilia abadilishe upande. Anayemtaka amfuate. Akipatikana, kikundi kinatembea naye urefu wote wa uwanja, naye anawasimulia sentensi zake wakiwa njiani. Hana haraka. Mchague yule mwenye maringo ya kutembea, unaye, kila shule inaye.

Sasa vizibo. Vizibo vya soda, 20. Mwambie muuza duka wa karibu akukusanyie. Kila kikundi kinaacha kizibo kimoja kila kituo, maana yake kila kikundi kinahitaji vitano. Lakini wewe usigawe vitano vitano. Wape Dagaa vinane, Migebuka saba, Kuhe vitatu, Ngege viwili. Jumla ni 20, vinatosha kabisa, ila havikukaa sawa. Usieleze sababu. Wakilalamika, sema, "Ndivyo vilivyo." Hukuwakataza kupeana, na hukuwaambia wapeane.

Dagaa watafurahi sana mwanzoni. Baadaye Ngege watafika kituo cha tatu mikono mitupu na kurudishwa. Mara nyingi jambo linatatuliwa Sangam, kwa sababu pale vikundi viwili vinalazimika kusimama pamoja na kutazamana, na mmoja atauliza, "Nyie mna vingapi?" Mara ya kwanza nilipofanya hivi, kikundi chenye vingi kilificha vya ziada ndani ya soksi hadi filimbi ya mwisho, treni ikawaacha wote, na ukaanza ugomvi ambao nilidhani nimeharibu chama kizima. Wiki iliyofuata waliomba wenyewe turudie. Safari hiyo wenye vingi walikuwa wa kwanza kukimbia huku wakiita, "Nani hana? Nani hana?"

Baada ya mchezo ndipo unawapa historia, na itaingia kama maji kwenye mchanga. Tarehe 22 Februari ni siku ya kuzaliwa ya Baden-Powell, 1857, na pia ya mkewe Olave, 1889. Kwa bahati tu, mume na mke tarehe moja. Mwaka 1926 mkutano wa dunia uliofanyika Marekani uliichagua iwe siku ya Girl Guides kuwaza wenzao walioko nchi nyingine. Mwaka 1932, kwenye mkutano wa Poland, mjumbe mmoja kutoka Ubelgiji akasema siku ya kuzaliwa huenda na zawadi, basi kwa nini wasichana wasichangie? Olave akawaandikia barua akiomba kila mmoja atoe senti moja. Kutoka hapo ukaanza mfuko wa kusaidia Girl Guides kukua pale ambapo hawana uwezo. Chama chenyewe cha dunia kiliundwa mwaka 1928 huko Parád, Hungaria. Leo kina nchi zaidi ya 150 na mamilioni ya wasichana na wanawake. Tanganyika nayo ilianza Girl Guides mwaka huohuo wa 1928, wapigie mstari hilo. Na wakiona haya yote ni mambo ya Ulaya, waambie Baden-Powell alifia Kenya mwaka 1941 na kaburi lake liko Nyeri, karibu kuliko wanavyofikiri.

Nije kwenye swali lako la wale watano, maana umeliuliza kwa adabu na linastahili jibu la wazi. Utakutana na michezo mingi ya namna hii inayotumia pasipoti: mtoto anapewa kijitabu, anafika "mpakani", anagongewa muhuri, asiye na muhuri anarudishwa. Kwa watoto wengi duniani ni burudani. Kwa Kigoma, usiiguse. Una msichana ambaye mama yake alivuka ziwa kwa mtumbwi usiku, au alipanga foleni ya karatasi na mtoto mgongoni. Wewe huwezi kumsimamisha mbele ya mwanafunzi aliyevaa kofia ya afisa akimwambia, "Karatasi zako ziko wapi?" halafu ukaita hilo mchezo. Ndiyo sababu kwangu hakuna muhuri wala mpaka, kuna vizibo na mlango wa Sangam. Wala usimuombe yeyote kati yao asimulie "kwao". Kama atataka, atasema, pengine kwa neno moja la amani pale London. Unaweza hata hivyo kuwakumbusha wote kwamba ziwa wanaloogea lina nchi nne kandokando, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na kote huko wapo wasichana waliovaa beji ileile.

Beji hiyo ndiyo tunayofungia. Treni ikiwa imekamatwa, wakusanye katikati. Beji ya dunia ina majani matatu, nyota mbili, sindano ya dira na mwali chini ya shina. Hesabu: vitu saba. Kila kikundi kilikuwa saba, unaona? Chukua saba mchanganyiko, na usiwalaze chini kama wanavyofanya kwenye picha za ughaibuni, kwani Ujiji wengi wana hijabu na sketi ndefu na majani yamelowa. Wasimame. Watatu wanaotanua mikono ni majani, yaani sehemu tatu za Ahadi: wajibu kwa Mungu na nchi, kusaidia watu, kutii Sheria. Wawili wenye mikono kiunoni ni nyota, Ahadi na Sheria zenyewe. Mmoja amechutama chini na kupepea vidole, ni mwali, upendo kwa binadamu. Wa mwisho ni sindano, na sindano lazima ielekee kaskazini. Usimuoneshe. Mwache atafute ziwa, atafute jua, ageuke mpaka ziwa liwe mkono wake wa kushoto. Wakibishana waache wabishane. Wasichana 27 waliobaki wanashikana mikono kuwazunguka, maana beji ina duara kwa nje, na duara hilo ni dunia nzima.

Maswali unayouliza hapo yaanze na "kwa nini". Kwa nini Sangam iliwakatalia? Kwa nini Kusafiri alikuwa anatembea? Kwa nini Ngege walikwama? Wakishajibu, mwaka na mji viseme wewe, au watunza vituo. Dakika 10 zinatosha.

Mambo madogo: Februari kwenu mvua ipo, kwa hiyo andaa darasa moja lenye madawati yaliyosukumwa ukutani. Vituo vinaingia kwenye pembe nne, Kusafiri anapita katikati, na badala ya tuta wapande juu ya benchi moja wakiwa wameshika kamba. Anza saa 10 jioni, si mapema, jua la Ujiji unalijua. Ndoo ya maji ya kunywa na vikombe viwe kivulini. Mwambie kila mmoja avae kaptula au taiti ndani ya sketi. Na usirudie mchezo mzima wiki inayofuata. Rudia Sangam na vizibo tu, ukigeuza: Ngege wawe na vinane.

Saa 11 na nusu wape ruhusa hata kama hawajachoka, maana wengine wana maji ya kuteka na wengine wana madrasa. Vizibo vihesabu kabla hawajaondoka. Mimi kila mara hupungukiwa kimoja, na kila mara huwa ni mtunza Kusafiri aliyekifunga kwenye pindo la khanga.